Pakiti ikipiga hodi: kurekebisha bagi na kuimarisha mtandao wa injini ya gemu (uzi mrefu)

Nyalenda64 (mwanzilishi wa uzi)

Wadau, poleni na kazi. Nimeulizwa mara nyingi kwa nini gemu yetu ya mashua, iliyokuwa ikisumbua wachezaji kila jioni, sasa imetulia. Jibu haliingii kwenye maoni mafupi, kwa hiyo naliweka hapa kwa urefu wake. Mwenye swali aulize, mwenye kupinga apinge.

Kwa wasiotujua: sisi ni kundi dogo hapa Kisumu. Gemu ni mbio za mashua ziwani, kutoka Dunga kuelekea Homa Bay, wachezaji hadi 24 kwenye seva moja, na wengi wao wako kwa simu. Injini imeandikwa kwa C++, msimbo wake uko wazi, na tuliipokea kutoka kwa waliotutangulia. Sehemu yake ya mtandao ilitungwa kwa ajili ya kompyuta zilizo chumba kimoja, waya mmoja, kati ya watu wanaojuana. Ndiyo maana msimbo ule uliamini mambo matatu: pakiti (furushi dogo la data) itafika, itafika kwa zamu yake, na aliyeituma ana nia njema. Intaneti haiahidi hata moja kati ya hayo.

Nianze na msimamo wangu. Watu hugawa kazi hii mafungu mawili: kwanza tunaondoa bagi, yaani kasoro za msimbo, kisha siku moja tukipata nafasi tunashughulikia usalama. Mimi naona ni kazi moja. Pakiti ni mgeni anayepiga hodi. Kabla hajaketi unataka kujua ni nani, anatoka wapi na amebeba nini, awe jirani aliyelowa mvua au mwizi. Karibu kila bagi tuliyoiondoa kwa sababu ya mtandao dhaifu ilikuwa pia mlango wa mvamizi, na kila mlango tuliouziba uliwapa nafuu wachezaji wa kawaida.

Nitaeleza bagi tatu kwa kina.

Ya kwanza ni ya dakika 18. Wachezaji walilalamika kwamba mbio ndefu huganda: mashua zinasimama, maongezi yanaendelea, kisha unatupwa nje. Mbio fupi hazikuwa na shida kabisa. Wengine walisema ni joto la simu, wengine wakasema ni bando. Ukitazama logi (daftari la matukio ya seva) unaona kuganda kunatokea karibu dakika ileile kila mara, na hapo ndipo hesabu inapoanza kusema. Kila pakiti ya mwendo ina nambari ya mfuatano yenye biti 16, yaani kutoka 0 hadi 65,535. Tunatuma pakiti 60 kwa sekunde. Gawanya 65,536 kwa 60, unapata sekunde 1,092, ambazo ni dakika 18 na sekunde 12. Baada ya 65,535 nambari inarudi 0. Injini ilikuwa inauliza tu: je, nambari hii ni kubwa kuliko ya mwisho niliyoiona? Sifuri si kubwa kuliko 65,535, kwa hiyo pakiti zote mpya zilihesabiwa kuwa za zamani zikatupwa.

Dawa yake inajulikana: toa nambari ya zamani kutoka kwa mpya, lisome jibu kama namba ya biti 16 yenye alama ya chanya au hasi, na likiwa chanya pakiti ni mpya. Angalieni hapa, maana C++ hupandisha namba hizo kuwa int, namba yenye biti nyingi zaidi, kabla ya kutoa. Usipolirudisha jibu kwenye biti 16 kwa mkono, bagi inabaki palepale na msimbo unaonekana umepona.

Sasa upande wa pili. Msimbo ule wa awali ulimruhusu mtu yeyote anayeweza kuigiza anwani ya mchezaji kutuma pakiti moja tu yenye nambari 65,535, na huyo mchezaji amekwisha. Baada ya marekebisho bado angeweza kutuma nambari iliyo mbele kwa 30,000, na pakiti halali zote zingeonekana za jana. Kwa hiyo tuliweka kikomo cha kuruka. Kikomo hicho hakitoki hewani. Seva yetu humtoa mchezaji asiyesikika kwa sekunde 10. Kwa pakiti 60 kwa sekunde, mchezaji halali aliyepotea sekunde 10 anarudi akiwa mbele kwa 600. Basi chochote kinachoruka zaidi ya 1,000 hakina maelezo ya haki, kinatupwa bila kugusa hali ya mchezaji. Unaona? Swali la mtandao mbovu, yaani mtu anaweza kupotea muda gani, ndilo lililotupa jibu la usalama.

Ya pili ni ya urefu. Ujumbe wa orodha ulianza na hesabu ya vitu vinavyofuata, namba ya biti 32, na injini ilitenga kumbukumbu kwa hesabu hiyo kabla ya kusoma kitu. Mtu akiandika bilioni nne, seva inaomba kumbukumbu isiyokuwepo na inazima, na wachezaji wote 24 wanaanguka nayo. Kanuni tuliyoiweka ni kwamba hakuna hesabu inayoaminiwa hadi ilinganishwe na baiti zilizobaki kwenye pakiti. Ikiwa kila kitu kinahitaji angalau baiti 6 na zimebaki 300, vitu haviwezi kuzidi 50. Gawanya baiti zilizobaki, usizidishe hesabu ya mgeni, kwa sababu kuzidisha kunaweza kufurika na kukupa jibu dogo la uongo. Huu ni ugonjwa wa ukoo uleule wa Heartbleed, kasoro iliyotangazwa Aprili 2014 kwenye OpenSSL, maktaba ya kusimba mawasiliano: mtumaji anatangaza urefu mkubwa kuliko alioleta, na programu inamjibu kwa kumbukumbu yake yenyewe.

Ya tatu ndiyo iliyonifundisha zaidi, NaN. Mahali pa mashua hutumwa kama namba za desimali. Seva ilikuwa na ulinzi: umbali aliosogea ukizidi kiwango, kataa. IEEE 754, kanuni ya kimataifa ya namba za desimali kwenye kompyuta, ina thamani maalumu isiyo namba, ndiyo NaN, na kila ulinganisho wa mkubwa au mdogo unaoihusisha hujibu "si kweli". Kwa hiyo umbali wa NaN hauzidi kiwango, mlinzi anapiga saluti, mashua inapita. Kisha fizikia inaichukua, inaigonganisha na ya jirani, na NaN inaenea kwa kila inachokigusa hadi ziwa zima linatoweka kwenye skrini. Klaenti yetu yenyewe, yaani programu iliyo kwa simu ya mchezaji, iliweza kuizalisha kwa kugawa sifuri kwa sifuri pale simu ilipopotea mtandao na kurudi. Hapo hapakuwa na mdukuzi. Dawa ni kuligeuza swali: kubali tu ikiwa umbali ni mdogo au sawa na kiwango. NaN itashindwa swali hilo. Pamoja na hilo, kila namba ya desimali inakaguliwa kwamba ina kikomo mara tu inapotoka kwenye pakiti, kabla haijaguswa na mtu.

Nasimama hapo kwanza. Ulizeni.

Bukhungu7

Mkuu, swali la mtu wa kawaida. Kwa nini msitumie TCP tu mkaondokana na habari za nambari za mfuatano? Inapanga pakiti yenyewe, inarudia zilizopotea yenyewe.

Nyalenda64

Kwa maongezi, orodha ya wachezaji na matokeo ya mbio, mpangilio wa uhakika unahitajika na tunao. Kwa mahali pa mashua ni hasara. TCP ikipoteza pakiti moja inazizuia zote zilizo nyuma yake hadi ile irudiwe, hata kama zimekwisha kufika. Kurudia kunahitaji angalau safari moja ya kwenda na kurudi. Mwanga kwenye kebo hukimbia takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, na seva za bei tunayoiweza mara nyingi ziko Ulaya, njia ya Mombasa na Bahari ya Shamu. Pakiti moja ikidondoka, mchezaji anasubiri habari ya mashua ilipokuwa zamani ilhali habari ya sasa imeshafika na imefungiwa. Mahali pa zamani hapana thamani kwa mtu, kwa hiyo tunaacha ipotee.

Na TCP haikuondolei bagi ya pili wala ya tatu. Itakuletea NaN kwa uaminifu mkubwa na kwa mpangilio.

Mwalimu_Maseno

Kijana umeeleza vizuri. Naongeza historia, maana vijana hudhani haya ni matatizo mapya.

UDP, njia ya kutuma pakiti bila kuhakikisha zimefika, ambayo gemu za namna hii hutumia badala ya TCP, iliwekwa mwaka 1980 kwenye RFC 768, hati fupi sana kati ya hati za kanuni za intaneti. Kichwa chake ni baiti 8: poti mbili, urefu na cheksamu (namba ya kukagua makosa). Haina salamu ya mwanzo, na hapo ndipo tatizo lilipo: yeyote aliye kwenye mtandao unaoruhusu anaweza kuandika anwani ya uongo ya mtumaji. Gemu ya Quake ilitoka 1996, msimbo wake ukafunguliwa 1999, na wa Quake III ukafunguliwa 2005. Seva za ukoo huo hujibu swali dogo la hali ya seva kwa jibu refu lenye mipangilio na majina ya wachezaji. Wavamizi waligundua kwamba ukiuliza kwa anwani ya mtu mwingine, jibu lote linamwangukia yeye. Januari 2014 US-CERT, kitengo cha Marekani cha usalama wa kompyuta, ilitoa onyo lenye jedwali la itifaki (kanuni za mawasiliano) za namna hiyo, na ya Quake ilikadiriwa kukuza mzigo mara 63.9. Yaani mtu mwenye laini ndogo anaazima nguvu za seva za gemu kumfunika asiyehusika.

Walioendeleza ioquake3, mradi uliotokana na msimbo wa Quake III, waliweka kipimo cha ndoo inayovuja: anwani moja inajibiwa hadi mara 10 kwa mkupuo, kisha mara moja kwa sekunde. Juu yake kuna ndoo nyingine ya seva nzima. Nawashauri wanafunzi wasome fanksheni ile, ni fupi na imeandikwa kwa adabu.

Nyalenda64, yenu inafanyaje?

Nyalenda64

Asante Mwalimu. Tulianza kwa kuiga hiyohiyo, kisha tukaona haitoshi huku kwetu. Naona Bukhungu7 yupo, na yeye ndiye shahidi. Bwana, hebu eleza yaliyokupata.

Bukhungu7

Nina kibanda cha gemu hapa Kakamega mjini, mashine zote ziko nyuma ya rauta moja. Waliposasisha seva, vijana wawili watatu wa kwanza wanaingia vizuri. Wanaofuata wanaambiwa seva haipo. Wakitoka hao, wengine wanapata. Jumamosi watu wamejaa mlangoni na mimi sina la kuwaambia. Nilidhani ni rauta, nikanunua nyingine, mambo yakawa yaleyale.

Nyalenda64

Pole tena kwa gharama ile.

Sababu ni hii. Ukurasa wa orodha ya seva kwenye klaenti unauliza hali kila sekunde. Mashine zote za kibanda zinaonekana kwa anwani moja. Ndoo ya 10 inajaa mara moja, halafu inatoka nafasi moja kwa sekunde kwa ajili ya watu wote. Anayewahi anaingia, mwingine anaona giza. Na kibanda ni mfano mdogo. Kampuni za simu huweka wateja wengi sana nyuma ya anwani moja ya IPv4 kwa sababu anwani zenyewe zimekwisha. Kumpima mtu kwa anwani, huku kwetu, ni kupima mtaa mzima. Kumfungia mtu kwa anwani ni kibaya zaidi: unamkosa mkosaji, ambaye akizima data na kuiwasha anapata anwani nyingine, na unawafungia majirani zake.

Tulichofanya ni kurudi kwenye chanzo cha hatari. Hatari ya lile swali ni kwamba jibu ni kubwa kuliko swali. Basi tukadai swali lenyewe lijazwe hadi liwe na urefu wa jibu au zaidi. Swali fupi halijibiwi kabisa. Mvamizi hapati faida yoyote ya kukuza, kwa hiyo ndoo ya kila anwani inaweza kulegezwa hadi kibanda kizima kipite. QUIC, itifaki inayosafiri juu ya UDP iliyokuwa kiwango rasmi Mei 2021 kwa RFC 9000, ina wazo la jamii hiyo: pakiti za kwanza za klaenti hujazwa hadi baiti 1,200, na seva hairuhusiwi kutuma zaidi ya mara tatu ya ilichopokea hadi ithibitishe anwani.

Kwa kujiunga kuna hatua ya ziada. Mgeni akiomba kuingia, seva haitengi nafasi wala kumbukumbu. Inamrudishia tokeni iliyotengenezwa kwa siri ya seva, anwani yake na wakati. Akiirudisha tokeni, tumejua kweli anapokea kwenye anwani ile. Hapo ndipo anapewa kiti. Aliyedanganya anwani haioni tokeni, kwa hiyo hawezi kujaza viti 24 kwa wachezaji hewa. Baada ya hapo kila mchezaji anapimwa kwa muunganisho wake, si kwa anwani.

Bukhungu7

Ndiyo, tangu hapo wanaingia wote. Natoa ushahidi.

DadaWaMilimani

Kaka, yangu ni tofauti. Nikiwa nyumbani nacheza kwa waifai. Nikitoka getini simu inahamia data na gemu inanitupa nje, nianze upya. WhatsApp haifanyi hivyo. Mbona gemu?

Nyalenda64

Dada, kwa sababu injini ilikutambua kwa anwani na poti yako. Ukihama kutoka waifai kwenda data, vyote viwili vinabadilika, na kwa seva wewe ni mtu mpya. Hata bila kuhama, rauta au mtandao wa simu ukiona kimya husahau ile poti uliyopewa. RFC 4787 ya mwaka 2007 inataka kumbukumbu hiyo idumu si chini ya dakika mbili kwa UDP, lakini vifaa vingi vinasahau mapema zaidi. Kwa hiyo ukiwa umekaa unasubiri mbio zianze, klaenti inatuma pakiti ndogo kila sekunde chache ili njia isifungwe.

Toleo lijalo kila muunganisho una kitambulisho cha biti 64 kilichochaguliwa kwa bahati nasibu ya kiusalama. Seva inakitazama hicho kwanza. Pakiti ikija kutoka anwani mpya ikiwa na kitambulisho chako na muhuri sahihi (alama inayotengenezwa kwa ufunguo wa siri), tunatuma swali kwenye anwani hiyo mpya na kusubiri jibu kabla ya kuhamishia mtiririko wako huko. Bila hatua hiyo mtu angenakili pakiti yako na kuirusha kwa anwani ya uongo, na seva yetu ingemwagia mtu mwingine mashua zote za ziwa. Utahisi kigugumizi kidogo getini, kisha utaendelea na mbio zako.

Nakuru_Section58

Salamu kutoka Nakuru. Mimi bado ni mwanafunzi. Swali: mkishasimba pakiti zote kwa ufunguo, yaani kuzifunga asizisome wala kuziandika asiye na ufunguo, si mambo haya yote yanaisha? Mvamizi hataweza kuandika pakiti.

Mwalimu_Maseno

Binti, swali lako ni la msingi, na wakubwa wengi hukosea hapo. Ufunguo unamzuia mtu wa nje. Mvamizi wa gemu mara nyingi ni mchezaji aliyejiandikisha, ana ufunguo halali, na klaenti iko mikononi mwake aibadilishe apendavyo. Pakiti yake mbaya itafika imefungwa vizuri kwa muhuri halali.

Tazama yaliyotokea. Januari 2022 seva za PC za gemu za Dark Souls zilizimwa kwa sababu mchezaji mwenzako aliweza kuendesha msimbo kwenye kompyuta yako kupitia mtandao wa gemu, na zilikaa miezi kadhaa kabla ya kurudi. Desemba 2021, kasoro ya Log4j, maktaba ya kuandika logi, iliwaangukia wachezaji wa Minecraft kupitia sentensi moja iliyoandikwa kwenye maongezi. Njia iliyotumika ilikuwa njia halali ya gemu yenyewe, hakuna aliyevunja ufunguo.

Nyalenda64

Naunga mkono. Na msisahau upande wa klaenti. Tunazoea kulinda seva dhidi ya wachezaji, lakini klaenti nayo inasoma pakiti kutoka seva, na yeyote anaweza kufungua seva ya gemu yenye msimbo wazi. Msomaji wa pakiti awe mmoja, mwenye ukaguzi uleule pande zote mbili.

Nakuru_Section58

Nimeelewa. Sasa nitajuaje kwamba nimekagua kila mahali? Faili la mtandao kwenye mradi wangu ni refu na kila fanksheni inasoma bafa (kumbukumbu inayoshika baiti zilizopokewa) kwa mtindo wake.

Nyalenda64

Anza na huo mtindo. Futa usomaji wote wa moja kwa moja kwenye bafa. Tengeneza msomaji mmoja anayejua mwanzo, mwisho na mahali alipo, na kila anaposoma anauliza kama baiti zinatosha. Zikipungua anawasha alama ya kosa na kurudisha sifuri tangu hapo. Mwisho wa ujumbe unaitazama alama mara moja: ikiwaka, ujumbe wote unatupwa. Usitumie nusu ya ujumbe. Kwetu kazi hii ndiyo iliyochukua muda mrefu kuliko zote, na ndiyo iliyoondoa bagi nyingi kuliko zote, pamoja na ambazo hatukuwa tumezijua.

Ukishamaliza, tenganisha usomaji na soketi, yaani lango la mtandao. Iwe fanksheni inayopokea baiti na urefu tu. Hapo unaweza kuilisha takataka kwa mashine, kazi inayoitwa fazingi. Kuna AFL ya Michał Zalewski na kuna libFuzzer inayokuja na LLVM. Zote hutazama ni njia zipi za msimbo zimepitiwa na kila ingizo, na hukuza maingizo yanayofungua njia mpya. Kompaili pamoja na AddressSanitizer, zana inayonasa makosa ya kumbukumbu, maana kusoma baiti moja nje ya bafa mara nyingi hakuangushi programu, kunakaa kimya hadi siku mbaya. Kama mbegu wape pakiti halisi zilizorekodiwa kwenye mchezo wa kweli. Kila ingizo lililoangusha liwekwe kwenye majaribio ya kudumu ili bagi isirudi kwa mlango wa nyuma.

Kwa mtandao mbovu, Linux inayo netem, zana ya kuuigiza. Kwenye mashine yako mwenyewe:

`sudo tc qdisc add dev lo root netem delay 120ms 40ms loss 5% duplicate 1%`

Hiyo inachelewesha, inapoteza, inarudufu, na kwa kuwa ucheleweshaji unayumba, pakiti zinapitana njiani. Kuondoa, weka `del` mahali pa `add` na ukomee kwenye `root`. Kumbuka lo, njia ya mashine kujitumia yenyewe, hupitiwa kwenda na kurudi, kwa hiyo safari nzima inachelewa mara mbili ya ulichoandika.

Hata hivyo netem ina upole ambao barabara haina. Sisi tulirekodi nyakati za pakiti kufika kwa simu iliyokuwa kwenye matatu ya Kisumu kwenda Kakamega. Kiboswa unapoteza sekunde kadhaa, kisha zile zilizokwama zinamiminika zote kwa pamoja. Mmiminiko huo ndio ulioumiza seva yetu, maana ilikuwa ikitekeleza kila amri ya kasia papo hapo, na mashua iliyopotea iliruka mbele ya wenzake. Wadanganyifu walikuwa wameshaligundua: wanazuia pakiti makusudi kisha wanazifungulia. Sasa kila mchezaji ana bajeti ya muda inayojazwa na saa ya seva. Amri zikizidi bajeti zinasubiri kidogo au zinatupwa. Dawa ni moja kwa wa Kiboswa na kwa mdanganyifu.

DadaWaMilimani

Lakini mtu aliyepotea kwa haki si ameumia? Amri zake zinatupwa na hakutaka.

Nyalenda64

Anaumia kidogo, ni kweli, na tulibishana sana kuhusu hilo. Tumemwachia akiba ya robo sekunde. Kupotea kufupi kunalipwa kikamilifu, kurefu kunakugharimu. Tukiongeza akiba, wanaofaidi ni wadanganyifu, kwa sababu wao huchagua lini wapotee. Mchezaji wa haki hachagui.

Nakuru_Section58

Nimerudi. Niliandika msomaji mmoja kama ulivyosema, nikaweka libFuzzer usiku. Asubuhi nimekuta imeangusha kwenye sehemu inayounganisha vipande vya ujumbe mkubwa. Kila kipande kinasema mimi ni wa ngapi kati ya wangapi. Msomaji hakulalamika, baiti zote zipo. Kisha inaandika nje ya safu. Sielewi, maana nimekagua kwamba namba ya kipande ni ndogo kuliko jumla.

Nyalenda64

Hongera, hiyo ni bagi halisi. Tazama jumla gani uliyoilinganisha. Kipande cha kwanza kikisema "kati ya 4", umetenga safu ya 4. Kipande cha pili cha ujumbe uleule kikija kinasema "mimi ni wa 9 kati ya 12", ukaguzi wako unapita kwa sababu 9 ni ndogo kuliko 12, lakini safu bado ni ya 4. Jumla ichukuliwe kutoka kipande kilichotenga safu, na kinachokuja na jumla tofauti kitupwe.

Ukiwa hapohapo, weka vikomo viwili zaidi. Kila muunganisho uwe na jumbe chache tu ambazo hazijakamilika, na kila moja ifutwe ikizeeka. La sivyo mtu atakutumia kipande cha kwanza cha jumbe elfu moja asizonuia kuzimaliza, na kumbukumbu itajaa bila kosa lolote kuonekana kwenye logi. Na usitenge kwa ukubwa uliotangazwa, tenga kadiri vipande vinavyofika.

Nakuru_Section58

Ndiyo, ilikuwa 4 na 12. Nimebadilisha, ingizo lile halianguki tena, nimeliweka kwenye majaribio. Usiku wa leo naiacha tena, safari hii kwenye sehemu ya maongezi.